Kuomba ruzuku ya utafiti wa wanyamapori ukiwa Bukavu: anza na uamuzi, kisha mnyama

Kijana aliyemaliza masomo ya biolojia hapa Bukavu, au mwanachama wa shirika dogo la Kabare, anapotaka kuomba ruzuku huanza na mnyama: anampenda gorila, anamhurumia sokwe, anataka kumchunguza. Upendo huo ni wa haki kabisa, lakini mfadhili wa utafiti tumizi anauliza jambo jingine: utafiti huu ukiisha, ni nani atakayeamua nini, ambacho leo hawezi kukiamua kwa kukosa habari? Nimesoma maandiko mengi ya miradi ya vijana wetu, na kwa maoni yangu mengi kati ya yale yaliyokataliwa hayakuangushwa na lugha mbovu. Yaliangushwa kwa sababu swali hilo halikujibiwa popote, hata kwa sentensi moja.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua fomu yoyote, andika sentensi yenye mtu, uamuzi na wakati. Kwa mfano, kwa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo kituo chake kikuu kiko Tshivanga: «Ifikapo mwisho wa kiangazi, mkuu wa doria za Tshivanga na machifu wa vijiji vya pembezoni mwa msitu wataamua ni wapi wapunguze mitego ya nyaya kwa doria, na ni wapi wasaidie kulinda mashamba.» Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, nenda ukazungumze na watu hao kwanza, kwa maana bila wao utafiti wako utabaki kabatini.

Nitaendelea na mfano huohuo wa mitego, kwa kuwa unaonyesha vizuri tofauti ya swali zuri na swali pana. Mtego wa waya, unaotengenezwa mara nyingi kwa nyaya za breki za baiskeli au pikipiki, haumchagui mnyama: aliyeutega alikusudia swala mdogo wa msituni, na anayenaswa mkono ni sokwe. Swali pana husema «kuchunguza tishio la mitego katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega», na hapo msomaji wa andiko hajui utafanya nini Jumatatu asubuhi. Swali zuri hutenganisha sababu mbili. Mtego uliotegwa mpakani mwa shamba la mahindi kuwazuia nyani ni tatizo la ulinzi wa mazao. Mtego uliotegwa saa tatu za mwendo ndani ya msitu ni tatizo la nyama na biashara yake. Dawa ya kwanza haiponyi la pili, na mradi unaogawa mizinga ya nyuki kwa wote kama chanzo kingine cha kipato bila kujua ni nani anatega kwa sababu gani unapoteza fedha za watu na imani ya wanavijiji.

Swali likishatenganishwa hivyo, mbinu inafuata yenyewe. Utapita njia zilezile, zilizopimwa kwa GPS, katika miezi ileile, ukihesabu mitego kwa kila kilomita iliyotembewa na kuandika umbali wake kutoka shamba la mwisho. Jihadhari na kosa ambalo wasomaji wenye uzoefu hulikamata mara moja: ukiing'oa mitego katika safari ya kwanza, hesabu ya safari ya pili itapungua hata kama hakuna mtegaji aliyebadili tabia. Ndiyo sababu kipimo chako cha baadaye kiwe mitego mipya iliyotegwa tangu ziara iliyopita, na uwe na vijiji vya kulinganisha ambavyo mradi haukuvigusa. Katika mahojiano, kumbuka kwamba kutega hifadhini ni kosa la kisheria. Usiandike majina, na ueleze kwenye andiko jinsi daftari zitakavyotunzwa, kwa sababu daftari lenye jina linaweza kumfikisha baba wa familia gerezani.

Sehemu ya historia ya eneo iwe fupi. Inatosha kusema kwamba hifadhi ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa na takriban kilomita za mraba 600, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi takriban 6,000, ikaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1980 na katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997. Mahali pa kuwa makini zaidi ni idadi ya wanyama. Kadirio la mwaka 2016 liliwaweka gorila wa Grauer, yaani aina ya gorila wa mashariki mwa Kongo wanaoishi katika hifadhi hii, karibu 3,800. Kadirio la mwaka 2021 lilifika karibu 6,800, na hawakuongezeka kwa kuzaliana katika miaka hiyo michache, bali data zilikuwa nyingi zaidi na za maeneo mapana zaidi. Anayeandika namba ya kwanza peke yake ili kumtisha mfadhili hujionyesha kuwa hafuatilii fani yake.

Baada ya hapo ndipo utafute mlango wa kubisha. Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo kwa hatua, na hutaka wadhamini watatu wanaokufahamu kikazi. Ni mlango mwema kwa anayeanza, ila haifadhili utafiti usio na faida ya wazi kwa uhifadhi. Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund hutoa hadi dola 25,000 kwa mradi unaomlenga spishi mmoja au wachache waliotajwa. Conservation Leadership Programme hupokea timu za vijana wenye uzoefu mdogo, si mtu mmoja. IDEA WILD hutoa vifaa badala ya fedha: darubini, GPS, kamera za kutegea wanyama. Soma tangazo la mwaka husika, kwa sababu masharti hubadilika, na utarajie ushindani mkali zaidi tangu shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipofungwa mwaka 2025 na wengi wakageukia mifuko hii midogo.

Ruhusa zianze mapema kuliko unavyodhani. Utafiti ndani ya hifadhi unahitaji kibali cha ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi, na barua ya kuunga mkono kutoka kwa mkuu wa hifadhi ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo. Ukichukua sampuli za gorila au sokwe, kama damu au nywele, na kuzipeleka maabara ya nje ya nchi, utahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, vya kutoa na vya kuingiza, kwa kuwa wanyama hao wako katika Kiambatisho chake cha Kwanza. Weka miezi yake kwenye ratiba. Na ikiwa kazi yako inawagusa Wambuti na Batwa, waliotolewa katika msitu huu bila kuulizwa, sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao, lakini hata bila sheria ungepaswa kuketi nao kwanza, kueleza kazi yako kwa lugha wanayoielewa, na kukubali jibu la «hapana» kuwa jibu.

Bajeti ndiyo sehemu inayosomwa kwa jicho kali kuliko zote. Usiandike «gharama za uwanjani: dola 3,200». Andika watu wanne, siku kumi kwa mwezi, miezi kumi, dola nane kwa siku, na msomaji atafika mwenyewe kwenye 3,200. Weka bima ya watembezi, mabuti, betri, nauli ya pikipiki hadi Miti, gharama ya kutuma fedha, na mkutano wa kurudisha matokeo kijijini. Usipunguze malipo ya watu wa mahali ili mradi uonekane wa bei nafuu. Anayebeba mzigo kwenye mteremko wa Kahuzi anastahili ujira wake.

Kuhusu usalama na benki, sema kweli yote. Mwaka 2025 benki za Goma na Bukavu zilifunga milango, na waliokuwa na ruzuku mkononi walijikuta hawawezi kuzifikia. Mweleze mfadhili tangu mwanzo ni akaunti ya nani itapokea fedha, zitafikaje kwenu, na ni njia zipi za msitu utaziacha iwapo walinzi wenyewe hawazipiti. Mpango wa pili ulioandikwa wazi, kama vile kuhamishia kazi kwenye mashamba ya pembezoni, haukupunguzii alama. Unaonyesha kwamba unawajali unaowatuma.

Siku ya kupeleka matokeo, wapelekee wanavijiji na mkuu wa doria kabla ya kumtumia mfadhili ripoti ya mwisho, wakiwa na ramani ya karatasi mbele yao. Watakusahihisha majina ya vilima na mito, watakuambia mtego fulani ulikuwa wa nani na kwa nini, na masahihisho hayo ndiyo utakayoyaweka kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi lako la hatua ya pili.