Ryzen 5 2600 kwenye Joto la Pwani: Volti Kwanza, Mwendo Baadaye

Mteja akija kwangu kutaka kompyuta yake iongezwe kasi bila kununua prosesa mpya, swali lake la kwanza huwa ni, "Itafika gigahezi ngapi, fundi?" Mimi humrudisha nyuma kidogo. Kwanza tuamue prosesa itapewa volti ngapi na itaruhusiwa kufika nyuzi joto ngapi. Mwendo tutautafuta ndani ya mipaka hiyo, na tutakaoupata ndio wetu. Hapa Tanga, mwezi Februari, chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 31 au 32 mchana. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wanaokaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hivi. Tofauti hiyo yote inaingia kwenye prosesa, kwa sababu feni haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoivuta.

Nitaeleza kwa AMD Ryzen 5 2600, maana ndiyo ninayomshauri mara nyingi mtu mwenye bajeti ndogo. Ilitoka Aprili 2018. Ina viini 6, yaani sehemu sita zinazofanya kazi kwa pamoja, mwendo wake wa msingi ni gigahezi 3.4, hujipandisha yenyewe hadi 3.9, na imeandikwa wati 65. Kizidishi chake, ile namba inayozidishwa kwa megahezi 100 kupata mwendo, hakijafungwa, na hilo ndilo linalotupa nafasi ya kufanya kazi.

Lakini angalia kwanza mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba prosesa. Zenye chipu ya A320 haziruhusu kuongeza mwendo wa prosesa. B350, B450, X370 na X470 zinaruhusu. Kwa upande wa Intel utahitaji prosesa yenye herufi K pamoja na mazabodi ya daraja la Z, na hapo bajeti ndogo imeshakwisha. Zile kompyuta za ofisi zilizotumika, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ziache kama zilivyo. Ni mashine nzuri na ngumu, ila BIOS zake, yaani programu ya mipangilio unayoingia kompyuta inapowaka, hazina mlango huo. Hela hiyo nunua SSD na RAM. Ryzen 5 3600 nayo siigusi: hujipandisha yenyewe hadi 4.2, na ukiifunga kwa mkono kwenye 4.0 au 4.1 utapunguza kasi kwenye kazi zinazotegemea kiini kimoja.

Sasa kwa nini volti kwanza? Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na mwendo, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake. Tuseme viini vyote vinakwenda 3.7 kwa volti 1.20, nawe unataka 4.0 kwa volti 1.35. Mwendo umepanda asilimia 8. Volti peke yake imeongeza ulaji kwa asilimia 27, na ukizidisha yote mawili unapata karibu asilimia 37. Umeme huo wote unageuka joto. Kwa anayehariri video za harusi, kazi ya saa nzima itapungua hadi dakika 55 au 56, jambo zuri kwa mtu anayefanya hivyo kila wiki. Kwa mcheza gemu mwenye kadi ya picha ya kawaida, mara nyingi hataona tofauti kabisa, kwa sababu kinachomchelewesha ni kadi.

Mipaka yangu kwa 2600 ni hii: volti 1.35 na nyuzi 85 kwenye mtihani mzito kuliko yote. AMD wenyewe wameweka kikomo cha nyuzi 95, lakini mimi nataka nafasi ya vumbi litakaloingia na ya siku ya joto kali kuliko leo. Kama utabaki na feni ndogo iliyokuja na prosesa, ile Wraith Stealth, usivuke volti 1.25. Na usiiachie BIOS ichague volti yenyewe baada ya wewe kubadilisha kizidishi, kwani mazabodi nyingi hapo humwaga volti kuliko inavyohitajika. Usishtuke pia ukiona prosesa ambayo haijaguswa ikirukia 1.4 na ushee kwa sekunde chache: hapo ni kiini kimoja kinachofanya kazi nyepesi. Volti hiyo hiyo ikishikiliwa kwa viini vyote sita chini ya mzigo ni jambo jingine kabisa, na udhamini wa AMD haulipii uharibifu uliotokana na kuongeza mwendo.

Kupoza ndiko kunakoamua mengine yote. Ukiweza, nunua kipozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120. Ila kung'oa Stealth ya zamani kunahitaji mkono mtulivu, na hapa ndipo nimeona prosesa nzima zikiharibika bila hata kuongezwa mwendo. Pesti, ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, ikikauka inashika kama gundi, na prosesa za soketi ya AM4, kama hii 2600, zina pini 1331 upande wa chini. Ukivuta kipozeo juu kwa nguvu kinaweza kutoka na prosesa yake, soketi ikiwa bado imefungwa, na pini zikapinda. Kwa hiyo washa kompyuta uipe mzigo kwa dakika kumi hivi pesti ilainike. Zima, chomoa waya wa umeme, chomoa na waya wa feni. Legeza skrubu nne kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo, huku mkono mmoja ukishika bamba la chuma lililo nyuma ya mazabodi, maana skrubu zikiisha halina kingine kinacholishika. Halafu zungusha kipozeo taratibu kushoto na kulia. Kuna kipindi utasikia mkononi kimeachia na kinateleza. Hapo ndipo unainua, si kabla. Futa pesti ya zamani kwa pombe ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, ufunge tena kwa mshazari. Uliza pia kama vile vishikizo viwili vya plastiki vya mazabodi vipo: vipozeo vingi vya mnara hujishika hapo, na kwenye mashine zilizotumika huwa vimeshapotea.

Jambo moja husahaulika. Stealth hupuliza hewa chini, na hewa hiyo hupoza pia sehemu ya mazabodi inayoilisha prosesa umeme, vile vipande vyeusi vidogo vilivyopangana kando ya soketi. Kipozeo cha mnara hupuliza kwa ubavu, hewa ile inakatika. Mazabodi ya bei nafuu ambayo vipande hivyo havina chuma cha kupozea inaweza kuchemka hapo wakati prosesa yenyewe inasoma vizuri. Weka feni ya kutoa hewa nyuma ya kasha, na kwa mazabodi ya namna hiyo nisingevuka volti 1.30.

Ingia BIOS. Rudisha kila kitu kwenye mpangilio wa kiwandani. RAM usiiguse sasa, ili likitokea tatizo ujue limetoka wapi. Weka kizidishi 38, yaani 38 mara megahezi 100, sawa na 3800, na volti 1.20. Ule mpangilio unaozuia volti kuzama chini ya mzigo, unaoandikwa LLC, uweke daraja la kati. Daraja la juu kabisa huzidisha volti kupita ulichoandika. Ingia Windows, fungua HWiNFO64, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, na usome mstari wa volti wenye maneno SVI2 TFN. Huo ndio wa kuuamini. Endesha Cinebench R23, programu ya kuipa prosesa mzigo, ile ya dakika kumi.

Ikipita, panda megahezi 50 na urudie. Ikiganda, ikijizima na kuwaka, ikitoa skrini ya bluu, au HWiNFO64 ikianza kuhesabu makosa kwenye mstari wa WHEA, ongeza volti 0.0125 na ujaribu tena. Ukigusa dari ya volti au ya joto, yoyote itakayotangulia, shuka megahezi 50 na uishie hapo. Prosesa hazilingani hata zikiwa na jina moja, lakini kwa 2600 tegemea 3.9 au 4.0 kwa kipozeo cha mnara. Kupita 4.1 huanza kudai volti nyingi kwa faida ndogo mno. Kwa Stealth, 3.8 iliyotulia ni matokeo mazuri.

Mtihani wa mwisho ufanye saa nane mchana, kasha likiwa limefungwa, dirisha kama kawaida yako. Endesha Prime95, programu nyingine ya mzigo, ukichagua mtihani wa FFT ndogo (Small FFTs), kwa saa nzima. Mtihani huo huchemsha kuliko kazi za kila siku, kwa hiyo ukibaki chini ya nyuzi 85 huna wasiwasi.

Baada ya hapo washa mpangilio unaoipa RAM kasi iliyouzwa nayo. Huitwa XMP, kwa ASUS ni DOCP, kwa MSI ni A-XMP. Njia ya ndani ya 2600 inayounganisha makundi mawili ya viini hufuata mwendo wa RAM, kwa hiyo vipande viwili vya RAM vyenye kasi ya 2933 au 3000 mara nyingine huleta faida kubwa kuliko megahezi zote ulizohangaikia. Rudia mitihani.

Mashine ikigoma kuwaka, zima, chomoa waya, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache au gusanisha pini za kufuta CMOS, ile kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS, na mipangilio itarudi ya kiwandani. Ukipata mpangilio unaoutaka, uhifadhi ndani ya BIOS, kisha andika kizidishi, volti na joto la juu kwenye karatasi uibandike ndani ya kifuniko cha kasha. Joto likianza kupanda juu ya namba hiyo kwa kazi ile ile, toa vumbi kwa blowa huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke, na kama bado halijashuka, badilisha pesti.