Mtulize kwanza: kwa mnasihi anayeanza kuhudumia wenye kiwewe

Wanasihi wengi wachanga wakipata mteja aliyenusurika shambulio au ajali mbaya humwambia, "Haya, nisimulie ilivyokuwa." Usianzie hapo. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kusadiki kwamba masimulizi yanayotolewa kwa pupa, mwili ukiwa bado unatetemeka, humrudishia mtu hofu ileile.

Sababu iko kichwani. Ndani ya ubongo kuna kiungo kidogo kiitwacho amigdala, ambacho hutambua hatari kabla mtu hajafikiri lolote: adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, misuli inakaza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, walisema wahenga, na amigdala ya mwenye kiwewe huona ung'ongo kila mahali. Jirani yake, hipokampasi, husaidia kuipanga kumbukumbu ijulikane ni ya lini na ya wapi. Hofu kali huivuruga kazi hiyo, ndiyo maana tukio la zamani humjia mtu kama linatokea sasa hivi, vipandevipande: harufu, sauti, sura. Mwaka 1996 Scott Rauch na wenzake nchini Marekani walipiga picha ubongo wa watu wenye kiwewe wakisikiliza masimulizi ya yaliyowapata, wakaona eneo la Broca, linalohusika na kutamka maneno, limepunguza kazi. Kwa hiyo mteja akinyamaza, usimwone mkaidi. Akichanganya lipi lilitangulia na lipi lilifuata, usimwone mwongo.

Kiti chake kiweke mahali anapouona mlango, na wewe usikae katikati. Mwambie mapema kikao kitachukua muda gani na kwamba anaweza kusema "tusimame" wakati wowote, bila kutoa sababu. Kisha mfundishe kupumua: avute hewa puani akihesabu hadi nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita. Huko kutoa ndiko kwenye faida, maana mtu anapotoa hewa, neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi moyoni, huyapunguza mapigo ya moyo. Wapo ambao kufuatilia pumzi kunawazidishia hofu, hasa waliowahi kukabwa au kunusurika kuzama. Hao usiwalazimishe, waambie wataje vitu vitano wanavyoviona chumbani.

Na tazama mikono. Mteja mmoja alizungumza nami kwa sauti tulivu kabisa, lakini kidole gumba kilikuwa kikisugua kingine mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mlango wa chumba cha pili ukabamizwa. Macho yakaganda ukutani, akawa hanisikii. Sikumuuliza anawaza nini. Nilimwita kwa jina, nikamwambia leo ni siku gani na tuko wapi, nikamwomba azikandamize nyayo zake sakafuni kwa nguvu, tena na tena. Alipoanza kupepesa macho nilimpa maji, tukazungumza mambo mengine. Simulizi tuliliacha hadi kikao kingine, naye mwenyewe ndiye aliyelianzisha.

Lakini usijifiche kwenye mazoezi ya pumzi miezi nenda miezi rudi. Kuikwepa kumbukumbu nako huikuza hofu. Mteja akishaweza kujirudisha mwenyewe kwenye utulivu, ni wakati wa kuikabili, kwa njia zilizothibitika: kuirudia kumbukumbu hatua kwa hatua, kuzichambua fikra kama "mimi ndiye wa kulaumiwa", au EMDR, tiba ambayo mteja huikumbuka hofu yake huku akifuatisha kwa macho kitu kinachosogea huku na huko, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza tiba za aina hii mwaka 2013. Zote zinataka mafunzo na msimamizi. Kama huna, mpeleke kwa aliyenavyo. Mteja si mtu wa kujifunzia.

Dakika kumi za mwisho za kikao usifungue jambo jipya. Muulize anarudi nyumbani kwa nani, na usiku huu akiamshwa na jinamizi atafanya nini. Andikeni pamoja kwenye karatasi: kuwasha taa, kutaja tarehe ya leo, kumpigia fulani. Akigusia kutaka kufa, muulize waziwazi kama amepanga kujiua na kwa njia gani. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akiwa amepanga, usimwache aondoke peke yake, na siku hiyohiyo afikishwe kwa daktari wa magonjwa ya akili.