XML mbili kuwa "sawa" ni sawa ipi? Tenga alama zako mapema

Jamani kama unaandika maelezo au testi za XML (maandishi ya data yenye tagi kama <a>) acha kutumia = kwa kila kitu, utajichanganya mwenyewe. Mi natenga mbili: = ni herufi kwa herufi hazitofautiani, halafu ≡ ni zimeandikwa tofauti ila kwa XML ni kitu kilekile. Kwa hiyo <a/> ≡ <a></a>, ila ukiweka = hapo umedanganya.

Sasa hiyo ≡ usiiache ielee hewani. Chukua C(x) iwe matokeo ya kupitisha x kwenye Canonical XML (kanuni za kuandika XML kwa umbo moja rasmi, ile ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, toleo la kwanza 2001), halafu sema x ≡ y pale tu C(x) = C(y). Raha yake ni kwamba ukiwa na x ≡ y na y ≡ z, basi x ≡ z inakuja bure, huna haja ya kuhangaika kuithibitisha. Mpangilio wa atributi (jina na thamani ndani ya tagi) haujalishi wala aina ya kota, <a x='1' y="2"/> ≡ <a y="2" x="1"/>, na ndani ya elementi (tagi na kilichomo) <![CDATA[<]]> ≡ &lt; pia, maana CDATA ni kifungu kinachosomwa kama maandishi tupu.

Panapoumiza watu ni spesi: <a> </a> ≢ <a/>, hiyo spesi moja ni maandishi kabisa! Na prefiksi za neimspesi (kifupi kabla ya nukta mbili kinachosimamia URI, yaani anwani ya utambulisho) C haizigusi, yaani <p:a> na <q:a> zinabaki tofauti hata kama zote zinaelekea URI moja, ukitaka zihesabike sawa tunga alama nyingine kama ≡ₙ, usiibebeshe ≡ mzigo wote.