Darasa la dijitali bila intaneti: vile tunavyofanya huku Lamu

Walimu wenzangu, salaam. Kila nikikutana na mwalimu pale jeti ya Mokowe, akishajua mimi ndo yule wa tableti, swali ni lilelile, eti nitumie apu gani. Na mimi humuuliza, kwenu netiwaki ikoje saa nne asubuhi? Manake apu nzuri za bure ziko tele, lakini hiyo Kahoot, ule mchezo wa maswali, kwa mfano yataka watoto wawe na vifaa na vifaa viwe na intaneti, sasa wewe uko Siyu ama Kizingitini, netiwaki mpaka upande darini, utacheza na nani? Kwa hivyo hapa naeleza vitu ninavyotumia mimi mwenyewe, na vingi vyafanya kazi hata siku mnara umelala.

Kitu kikubwa ni Kolibri. Ni programu ya bure ya shirika moja la Marekani laitwa Learning Equality, waliitengeneza hasa kwa watu wasio na intaneti. Yaani leptopu yako inakuwa kama maktaba, ina video, mazoezi, vitabu vya hadithi, na watoto wanaifungua kwa tableti zao bila bando hata kidogo.

Unachohitaji: leptopu hata kuukuu, rauta kuukuu ya wifi (ile mtu aliacha kuilipia, muombe, iko kabatini inakula vumbi), na tableti ulizonazo. Sisi tunazo kumi na mbili, zinazoshika chaji ni tisa. Simu za watoto sahau, shuleni haziruhusiwi.

HATUA YA KWANZA, shusha ukiwa mjini. Usijaribu kwa bando la simu, tafuta mahali pana wifi ya maana, ingia tovuti ya learningequality.org, chukua Kolibri ya Windows, weka. Ikimaliza itajifungua yenyewe kwenye brauza. Lugha badilisha iwe Kiswahili kabisa, ipo.

Hapo mwanzo itakuuliza kama unaitumia peke yako au na kikundi. Chagua KIKUNDI. Mimi mara ya kwanza nilibonyeza peke yangu kwa sababu kweli nilikuwa peke yangu, nimekaa barazani usiku na leptopu mapajani, kesho yake natafuta mahali pa kuandikisha darasa sipaoni, ikabidi nifute nianze upya. Halafu itakutaka ujiandikishe kama msimamizi, hiyo paswadi iandike mahali, hakuna intaneti ya kukutumia nyingine ukisahau.

HATUA YA PILI, chagua masomo. Nenda sehemu ya kifaa, halafu chaneli (yaani mafungu ya masomo), halafu uagize kutoka mtandaoni. Hapa ndo watu huumia. Ukiona Khan Academy, wale wa video na mazoezi ya bure, unafurahi unachagua yote, kumbe ile ya Kiingereza peke yake ni makumi ya GB, utakesha hapo na wenye wifi watakufukuza. Ingia ndani ya chaneli, chagua mada unayofundisha muhula huu tu, kabla hujathibitisha itakuonyesha ukubwa wake. Mimi nilichukua hesabu za sehemu (nusu, robo) na alijebra, nikachukua na hadithi za African Storybook zilizo kwa Kiswahili kwa ajili ya wadogo wa gredi ya tatu, basi.

Na niseme ukweli wangu, video za Khan si mtaala wetu, mifano ni dola na piza, mtoto wa Faza piza aijulie wapi. Kwa hivyo video naonyesha chache, ninachopenda ni mazoezi, manake mtoto akikwama anaweza kupata kidokezo palepale na mimi naona kwenye leptopu nani amekwama wapi. Hilo daftari halinionyeshi mpaka nisahihishe jioni.

HATUA YA TATU, andikisha watoto. Sehemu ya kituo, ongeza watumiaji. Kuna mahali pa kuzima paswadi kwa wanafunzi, ZIMA, la sivyo dakika kumi na tano za kwanza za kila kipindi zitakuwa "ticha nimesahau". Kisha tengeneza darasa, waingize.

HATUA YA NNE ndo yenye kazi, kuunganisha. Leptopu ya Windows ina hotispoti yake lakini mimi siipendi kwa sababu mbili, moja haizidi vifaa vinane, pili ikiwa leptopu yenyewe haina mtandao wowote inakataa kuwaka, yaani yataka intaneti ndo ikupe kitu cha kutumia bila intaneti, kichekesho. Ndo maana nikasema rauta. Washa rauta, haihitaji laini wala chochote, umeme tu, na nyingi ni volti 12 kwa hivyo hata betri ya sola yaweza kuibeba ukipata waya sawasawa (soma kwanza kibandiko cha adapta yake, usikisie). Leptopu iunganishe na wifi ya hiyo rauta, tableti nazo pia.

Sasa kwenye Kolibri rudi sehemu ya kifaa, angalia taarifa, utaona anwani kama hivi, http://192.168.0.100:8080. Yako inaweza kuwa tofauti. Iandike ubaoni kubwa, watoto waiandike kwenye brauza, Kolibri inafunguka. Kama haifunguki, usiite fundi kwanza, angalia haya:

- Windows ilipokuuliza kama Kolibri iruhusiwe kwenye mtandao ulibonyeza hapana. Rudi kwenye ulinzi wa Windows uiruhusu, na hiyo wifi iweke kuwa mtandao wa faragha, isiwe wa umma.
- Tableti inasema wifi haina intaneti, waikubali ama waiache? Ikubalini. Kama tableti ina laini, zima data yake, la sivyo inapitia huko.
- Leptopu imelala. Hii ndo ilinitoa jasho siku ya kwanza. Nilifunika leptopu punda wa mchanga wakipita nje na vumbi lao, dakika moja nasikia "ticha, yangu yazunguka tu!" halafu mwingine, halafu darasa zima. Nenda kwenye mipangilio ya umeme, iambie isilale hata ikifunikwa.

Hapo kazi kubwa imeisha, vingine napita haraka.

PhET. Ni majaribio ya sayansi ya kwenye kioo cha leptopu ama tableti, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yalianzishwa 2002 na Carl Wieman, yule aliyepata Nobel ya fizikia. Kila jaribio laweza kushushwa likawa faili moja, unalitia kwenye flashi, linafunguka kwa brauza bila intaneti. Nilitumia lile la kuelea na kuzama, unatia kipande cha mti, unatia tofali, unaona maji yanavyopanda. Mtoto mmoja akasema tofali lazama kwa sababu ni zito, mwenzake wa Matondoni, kwao ni mafundi wa majahazi, akamruka, "mbona jahazi laja na mawe ya Maweni tele na halizami?" Wallahi nilinyamaza nikawaachia. Tukamaliza kipindi na beseni la maji na kopo la maziwa, kopo wazi laelea, kopo lililopondwa lazama, bati ni lilelile. Kwa hiyo jaribio la kwenye kioo lilitusaidia kuanza tu, beseni likamaliza.

Plickers. Hii yataka data kwenye simu yako wewe mwalimu tu, watoto wanashika karatasi. Unachapisha kadi kutoka tovuti yao, kila mtoto na namba yake, kila kadi ina pande nne A, B, C, D. Unasoma swali, mtoto anageuza jibu lake liwe juu, wewe unapitisha kamera ya simu darasani majibu yanaingia. Hawawezi kuigana kwa sababu michoro haifanani. Ila kadi USIZIPAKE ile plastiki ya kung'aa kama nilivyofanya mimi, dirisha letu laangalia bahari, jua likipiga kamera haisomi kitu, pesa yangu ikaenda. Karatasi ngumu ya kawaida yatosha, na vidole visifunike ule mchoro mweusi.

Kiwix nayo weka kwenye leptopu hiyohiyo. Unashusha Wikipedia ya Kiswahili faili moja, unaisoma bila mtandao. Ile ya Kiingereza yenye picha zote usiiguse, yapita GB 100.

La mwisho, kugawana. Kolibri inaruhusu kuhamisha chaneli kwenda kwenye flashi, palepale sehemu ya chaneli, chagua kuhamisha badala ya kuagiza. Mwenzako anaichomeka kwenye leptopu yake anaagiza kutoka kwenye flashi, hajatumia hata shilingi ya bando. Ya mwenzangu wa Faza nilimpa nahodha wa boti, nikaitia kwanza kwenye kikopo cha Blue Band na kukifunga vizuri, manake wakati wa kusi mawimbi yaingia mpaka ndani, na aliponipigia kusema imefika kikopo kilikuwa kimelowa nje tu.