Jinsi ya Kuunda Umoja wa Wahitimu wa Kiswahili Unaosaidiana

Wahitimu wengi wa Shahada ya Kiswahili huagana siku ya mahafali wakiwa na kundi moja la WhatsApp, na mwaka unapopita kundi hilo hubaki na shughuli mbili tu, yaani michango ya harusi na matangazo ya misiba. Sizibezi shughuli hizo, kwa maana nilipofiwa na mama, wenzangu wa darasa ndio waliotangulia kufika. Hata hivyo, mhitimu asiye na ajira huona haya kwa kukosa cha kuchangia, akajitoa kimyakimya, ilhali ndiye aliyeuhitaji umoja kuliko sisi sote. Ninayoyaeleza hapa nimeyaona katika miaka sita ya ukatibu wa umoja wa namna hiyo.

Hatua ya kwanza: Anzeni na daftari, katiba ifuate

Sisi tulianza vibaya. Tulikaa vikao vinne tukibishania jina na ibara za katiba, na tulipomaliza tukagundua kwamba hatujui nusu ya wenzetu wako wapi. Ndipo tukafungua daftari lenye jina, mwaka wa kuhitimu, wilaya, kazi ya sasa, namba ya simu, na safu ya mwisho iliyouliza: “Unaweza kumsaidia mwenzako kwa lipi?” Mwalimu mmoja wa sekondari aliyeko Mpanda alijaza hivi: “Nina chumba cha ziada, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anaweza kukaa bila kodi.” Mhariri mmoja naye akaandika: “Nitapitia barua za maombi ya kazi, zisizidi mbili kwa wiki.” Maneno hayo mawili yalifanya kazi kubwa kuliko katiba yetu nzima.

Taarifa hizo hazipatikani kwa kutuma fomu kwenye kundi. Mgawieni kila mwakilishi wa darasa majina kumi ya kuwapigia simu, na aulize mambo mahususi, kwa sababu mtu akiulizwa kijumla hujibu “lolote”, na lolote halimfai mtu. Mwombeni kila mmoja idhini ya kutunza taarifa zake, jambo ambalo ni uungwana na pia linaendana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Daftari likae kwa katibu na msaidizi wake, lisibandikwe kundini.

Hatua ya pili: Pelekeni habari za kazi zikiwa na mwenyeji

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022, lakini maamuzi hayo hayambishii hodi mhitimu aliyeko Namtumbo. Kinachomfikia ni mkalimani mzoefu anayemwonesha namna ya kuandaa istilahi kabla ya mkutano, au mwenzake anayemhimiza ajisajili kwenye kanzidata ya wataalamu ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Kwa hiyo kila tangazo la kazi liwe na tarehe ya mwisho na jina la mwanachama anayeifahamu taasisi husika. Tangazo lililosambazwa bila hayo huongeza kelele tu.

Hatua ya tatu: Tenganisheni mifuko

Mfuko wa harusi na misiba uwe mbali na mfuko wa kusaidiana kikazi, kila mmoja na mhazini wake. Kiwango kiwe kidogo, mkikumbuka kwamba mwajiriwa aliyesomeshwa kwa mkopo wa serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Asiye na ajira asitozwe, ila ahesabiwe kuwa mwanachama kamili mwenye kura.

Hatua ya nne: Kiendeeni chuo

Mkuu wa idara apelekewe barua pamoja na majina ya wahitimu walio tayari kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana Baraza la Masajili linalowakusanya wahitimu wa fani zote, na umoja wa programu moja haushindani nalo. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, inafaa kwa mkutano wa mwaka.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu katibu, sisi tuko kumi na tisa. Je, ni lazima tujisajili?
Jibu: Mkitaka akaunti ya benki kwa jina la umoja, benki itataka cheti cha usajili. Katiba na muhtasari wa kikao cha kuanzisha umoja vipelekwe kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hata hivyo, daftari lisisubiri cheti.

Swali: Kaka, tumrudisheje mwenzetu aliyejitoa kwa sababu ya michango?
Jibu: Msimrudishe kundini kwanza. Mtu mmoja aliyekuwa karibu naye ampigie, asitaje deni, bali amwombe jambo analoliweza. Wa kwetu aliombwa kusahihisha tafsiri ya kurasa nne akalipwa, na baada ya wiki mbili akauliza mwenyewe kikao kijacho ni lini.

Swali: Shikamoo katibu. Wakubwa wetu kundini wanatuita watoto, nasi tunashindwa kuwauliza mambo ya kazi. Tufanyeje?
Jibu: Marahaba. Shikamoo ibaki, lakini maswali ya kazi yaulizwe nje ya kundi, mtu kwa mtu, kwa kufuata ile safu ya mwisho ya daftari. Mkubwa aliyeandika mwenyewe kwamba atapitia barua mbili kwa wiki, mpelekeeni barua mbili.