Baada ya Upasuaji wa ACL: Goti Linyooke Kwanza

Wengi wakishafanyiwa upasuaji wa ligamenti ya ACL, kamba ngumu ya ndani ya goti inayoshikanisha mfupa wa paja na wa muundi, huuliza goti litakunjika lini. Swali la kuuliza mapema zaidi ni kama linanyooka. Kukunja hurudi taratibu, lakini kunyooka kukipotea wiki za mwanzo, kovu linaweza kujijenga mbele ya ligamenti mpya na kulazimu upasuaji mwingine wa kuliondoa. Na goti lisilonyooka litakuchechemesha hata paja liwe na nguvu namna gani.

Kwa hiyo usilale na mto chini ya goti, ingawa ndiko kwenye raha. Weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, goti libaki hewani, uzito wake ulishushe lenyewe. Dakika 10, mara 3 hadi 5 kwa siku. Utahisi kuvutwa nyuma ya goti; vumilia.

Kazi ya pili ni msuli wa mbele ya paja, ambao baada ya upasuaji mara nyingi huwa kama umezimika. Usidhani ni uzembe wako: maji yaliyojaa ndani ya goti huzuia neva zisiuamuru vizuri. Nyoosha mguu, kaza paja kama unayetaka kugandamiza goti kitandani, hesabu hadi 5, achia. Rudia mara 10, kila saa ukiwa macho. Tazama pia ya goti: ikipanda kuelekea kwenye paja, msuli umeamka. Isiposogea, kaza miguu yote miwili kwa pamoja, mzima uuvute mgonjwa. Ukiweza, inua mguu uliopasuliwa wote ukiwa umenyooka. Kisigino kikianza kushuka kwa sababu goti limelegea, bado hujafika. Rudi kwenye kukaza.

Uvimbe ndio utakaokuambia kama umezidisha. Kila asubuhi zungusha futi ya fundi nguo katikati ya pia ya goti, uandike. Ikiongezeka sentimita 1 kuliko jana, punguza mazoezi siku hiyo, inua mguu juu ya usawa wa moyo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Kigimbi kikivimba na kuuma, usikikande: huenda damu imeganda kwenye mshipa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, ni dharura. Homa ya nyuzi 38 au kidonda kinachotoa usaha navyo havingoji.

Magongo hayaachwi kwa tarehe, yanaachwa siku unapotembea bila kuchechemea. Ukibaki na moja, lishike upande wa mguu mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Kushuka, hutangulia gongo na mguu uliopasuliwa. Ila kama daktari alishona na menisko (gegedu lililo kati ya mifupa ya goti), fuata kikomo chake cha kukanyaga na kukunja, hata kama kinapingana na haya.

Hatari kubwa huja wakati maumivu yameisha. Kipande cha kano kilichopandikizwa kuwa ligamenti mpya hupoteza damu yake, kisha mishipa mipya hukiingia polepole, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 huwa dhaifu kuliko kilivyowekwa. Mtu anatembea vizuri, anaonjaonja mpira, anageuka ghafla, kinakatika. Kama kano ilitolewa nyuma ya paja, jihadhari pia na kuinama kwa ghafla kufunga kamba za viatu goti likiwa limenyooka. Kidonda cha ndani hupasuka hivyo hivyo.

Kukimbia mstari mnyoofu huanza kwenye mwezi wa 3 au wa 4, goti likiwa halivimbi na unaweza kuinuka kitini kwa mguu huo mmoja bila goti kuangukia ndani. Michezo ya kukata kona isubiri angalau mwezi wa 9, na hata hapo pima. Ruka kwa mguu mmoja mbele kadiri uwezavyo, utue na kusimama imara, pima umbali, ufanye hivyo kwa mguu mwingine. Mguu uliopasuliwa ufikishe asilimia 90 ya mzima, kwa kuruka na kwa nguvu za paja zilizopimwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Usipofika, endelea na mazoezi ya uzito na upime tena baada ya wiki 4.