Kufundisha historia ya taarab darasani: anzia mwisho, rudi nyuma

Ukiandika ubaoni "Sultani Barghash, 1870–1888", yule mtawala wa Zanzibar ambaye simulizi la taarab huanzia kwake, wanafunzi watanakili, watakariri, na mtihani ukipita yameisha. Taarab wanaisikia harusini tangu wadogo. Kwa hiyo mimi naanza na wanayoijua, kisha tunarudi nyuma kwa kusikiliza.

Hatua ya 1: Wape walichozoea

Piga taarab ya kisasa, ile ya rusha roho iliyoshika kasi miaka ya 1990. Usieleze kitu. Kila kundi liandike vyombo linavyovisikia: kinanda, gitaa la umeme, besi. Mashairi yasikilize mwenyewe kwanza nyumbani. Mipasho mingine haifai Kidato cha Kwanza, na ofisi ya mkuu wa shule haiko mbali.

Hatua ya 2: Rudini kwenye okestra

Sasa piga rekodi ya Culture Musical Club, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1958. Wakate katika orodha yao vyombo visivyosikika, waongeze vipya: fidla zinazokwenda pamoja, akodiani, udi, dumbaki, ganuni. Hiyo ganuni wengi wataiita gitaa. Chora ubaoni umbo lake la trapeza, nyuzi zimelala, mpigaji kaipakata mapajani na kuzidonoa kwa vidole vya shahada. Kisha rudia rekodi. Safari hii wataitambua.

Hatua ya 3: Siti binti Saad na saa ya kupima

Hapa tumia kipindi kizima. Siti, mwimbaji mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyewahi kuuza vyungu, alisafiri na wenzake mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua kama dakika tatu tu, ilhali jukwaani wimbo wa taarab unaweza kupita dakika kumi.

Wape wimbo mrefu wenye beti, kiitikio na vipande vya ala. Mmoja ashike saa ya simu, wengine waamue cha kukata ili uingie dakika tatu. Ugomvi utazuka: wapiga ngoma watatetea ala, waimbaji watatetea beti. Waache wagombane, kisha wapigie rekodi ya Siti wasikie wenzao walivyobana. Mwanafunzi aliyekata beti kwa mkono wake haulizi tena kwa nini nyimbo za santuri ni fupi.

Hatua ya 4: Ndipo Barghash

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimpeleka mtu aitwaye Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza ganuni. Ifundishe kama simulizi, na uulize: muziki wa kasri, ulioimbwa kwa Kiarabu, ulikuwa wa nani? Siti kuimba Kiswahili kulimfungulia nani mlango? Ikhwani Safaa, kikundi cha mwaka 1905, kitajeni hapa.

Hatua ya 5: Kwenu

Shule ikiwa Tanga, tafuta nyimbo za kikundi cha Black Star. Ikiwa Mombasa, mwimbaji Juma Bhalo na tuni zake za filamu za Kihindi. Watoto wawaulize bibi zao walicheza nini harusini.

Kupima

Usiulize tarehe peke yake. Piga nusu dakika ya wimbo wasioujua, waukadirie kipindi chake na wataje sababu mbili walizozisikia. Anayekosa muongo wa wimbo lakini sababu zake zinasimama, mimi humpa alama zaidi ya nusu.